Mwili Utanyamaza

Ngokolo, Shinyanga
18 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Bi Zamoyoni, yule mama wa mchele wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku hizi anapeleka magunia Katoro, na amesema kutoka hapo atampa dereva wa bodaboda anayemwamini aifikishe Rwamgasa. Utashangaa kwa nini naandika wakati unapiga simu kila Jumapili. Mama huweka simu kwa sauti kubwa, majirani wanasogea kusalimia, na zamu yangu ikifika natoa shikamoo tu, maneno mengine yote yananikimbia. Kwenye karatasi hayanikimbii. Tena Mama hajui kusoma, kwa hiyo ya humu ni yangu na yako.

Jumapili Mama alikwambia ana malaria. Si malaria, Baba. Alianguka sokoni mbele ya meza yake ya dagaa. Wakamleta kwa guta, mdomo umepinda kidogo upande wa kushoto. Baada ya saa moja mdomo ulirudi. Kituo cha afya walimpima presha mara tatu kwa sababu nesi hakuamini mashine. Nesi anaitwa Rebeka. Alisema hiyo ilikuwa hodi tu, na kwamba ikirudi haitapiga hodi.

Amempa vidonge na amesema chumvi ipungue, maji yaongezeke: vikombe vinane kwa siku. Mimi ndiye ninayepika, kwa hiyo nimeamua tusipunguze, tuache kabisa. Mkebe wa chumvi nimempelekea Bi Zamoyoni. Siku ya kwanza Mama alitafuna ugali na mchicha, akauweka chini, akasema, "Asteria, umenipikia pamba." Anakunywa maji huku amefumba macho kama anakunywa mwarobaini. Usiku mzima yuko njiani kwenda chooni na kurudi, na asubuhi akisimama anashika ukuta.

Nilimuuliza nesi kama hiyo ni hatari. Ilinichukua muda kuuliza, watu walikuwa wengi. Akaniambia mwili uliozoea chumvi ni kama mtoto anayeachishwa ziwa: utalalamika, utalia, na baada ya wiki tatu au nne utanyamaza.

Usimwambie Mama kwamba nimekwambia.

Mwanao,
Asteria


Rwamgasa
26 Januari 2025

Mwanangu Asteria,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na vumbi lakini haijafunguliwa. Nimeisoma mara nne. Sikujua kwamba ndani yako kuna maneno mengi hivi. Nyumbani nilikuwa nadhani ni ukimya tu.

Nitaendelea kumuuliza Mama yako habari za malaria, naye ataendelea kunijibu. Wewe niandikie ya kweli.

Mimi sijambo. Kazi ya stoo ni ile ile: nakaa kwenye kiti, naandika viroba vya mawe vinavyoingia na vinavyotoka. Shida ni joto la mabati. Mama yako akianza kuwaza mambo yake ya usiku, mkumbushe kwamba nilimwapia mbele ya kaburi la baba yako mdogo Ngusa, aliyefia shimoni, kuwa sitashuka kwenye shimo lolote. Asijiongezee presha kwa hilo.

Fanya kama nesi alivyosema. Wewe ndiye msomi wa nyumba.

Baba yako,
Luka Nkwabi


Ngokolo
15 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Nimepata daraja la tatu, na Baiolojia nimepata C. Mama alipiga vigelegele mpaka nikamwomba akae chini.

Lakini nina jambo baya. Tulirudi kwa nesi Rebeka baada ya mwezi nikiwa na uhakika kwamba presha imeshuka. Haikuwa imeshuka. Nesi akamgeukia Mama kama anamgeukia mwizi, akamuuliza chumvi anaificha wapi. Mama akaapa. Nesi akaniambia nitaje ninachotia ninapopika, kimoja baada ya kingine. Nikataja: maji, karanga, majani makavu ya nsansa, dengu, magadi.

Akasema, "Magadi?"

Baba, kumbe magadi ni ndugu wa chumvi. Kinachompandisha Mama kimo ndani yake vilevile. Na mimi, kwa kuwa chumvi haipo, nilikuwa naongeza magadi kwenye nsansa ili angalau ilainike na Mama apate kumeza. Mwezi mzima nilikuwa namtilia kwa mkono wangu mwenyewe. Nesi alisema si kosa langu, kila nyumba ya huku inapika hivyo. Lakini mimi ndiye mwenye C ya Baiolojia.

Sasa hata magadi nimeyatoa. Nachemsha dengu tangu asubuhi. Naandika kwenye daftari kila kikombe cha maji anachokunywa.

Ninakuomba kitu. Nesi amesema presha hutembea kwenye ukoo na hutembea kwenye nyumba, kwa sababu watu wa nyumba moja hula chungu kimoja. Wewe umekula chungu hiki miaka ishirini. Nenda Katoro ukapimwe. Nikilala naona mmoja wenu ameanguka, nikiamka nasahau ni yupi.

Mwanao,
Asteria


Rwamgasa
2 Machi 2025

Mwanangu msomi,

Daraja la tatu si mchezo. Niliwasomea watu wa kambi ujumbe wa matokeo yako, na Maduhu, rafiki yangu wa hapa, akasema yeye darasani alikuwa anapata namba ya kiatu tu.

Nimepimwa. Kuna kijana gulioni Katoro anapima kwa mashine. Amesema imepanda kidogo, si sana. Nimekwambia kwa sababu nilikuomba nawe uniambie ya kweli.

Basi nimeamua. Kama mama yako anakula pamba, na mimi nakula pamba. Chumvi nimeacha tangu Jumatatu. Lakini hapa si nyumbani. Tunakula watu sita kwenye sinia moja, na mpishi anatia chumvi kama anahifadhi ngozi. Ikabidi niombe nipakuliwe kabla hajatia, nikae pembeni na bakuli langu. Haikupendeza. Mtu anayekula peke yake kambini hueleweka vibaya: ama ana dawa yake, ama amepata jiwe zuri hataki kusema. Siku mbili hawakunisemesha. Siku ya tatu wakapata jina. Nikitokea tu mmoja anasema, "Mkwe amefika, mtengeeni chakula chake, asituone tukitafuna." Wote wanainamisha vichwa kwa heshima. Sasa naitwa Mkwe Rwamgasa nzima. Imekuwa kicheko, afadhali.

Niambie maji kiasi gani. Kama ni vikombe vinane hivyo hivyo, au mwanaume ni zaidi.

Baba yako,
Luka Nkwabi


Ngokolo
8 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Nilicheka peke yangu jikoni, Mama akauliza nini, nikasema moshi.

Presha ya Mama imeshuka. Si sana, lakini nesi amechora mshale wa kwenda chini kwenye kadi. Na mwili wake umebadilika kabisa. Miguu haivimbi jioni, ndala zinamwingia. Hashiki tena ukuta. Usiku anaamka mara moja tu. Na ulimi, Baba! Juzi alionja dengu akauliza nimetia sukari. Nikasema sijatia kitu. Akaonja tena, akasema, "Kumbe dengu ina utamu wake yenyewe, nimeizika kwenye chumvi miaka yote hii." Jumapili alipewa kayabo, samaki wa chumvi, msibani akamtema, akasema anaunguza. Mwezi wa kwanza angelilia kichwa chake.

Kwa hiyo usirudi nyuma. Kuhusu maji nimepiga hesabu: Mama ni mwembamba na anakaa kivulini, vikombe vinane vinamtosha. Wewe ni mkubwa, na stoo yako ina joto la mabati. Kunywa kidumu kizima cha lita tano kila siku. Usisubiri kiu. Chumvi usilambe hata kidogo, na kama mpishi anatia magadi kwenye maharage, yaache.

Bi Zamoyoni amefunga, kwa hiyo safari hii anaondoka alfajiri na hana nguvu ya maneno. Nimempa michembe ya kwako, viazi nilivyokausha mwenyewe.

Mwanao,
Asteria


Rwamgasa
16 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa mwandiko, vidole vinajikunja vyenyewe leo.

Nimefuata kama ulivyoandika. Kidumu kinaisha kila siku, na juzi niliongeza kingine nusu maana joto lilizidi. Ila nikuulize, wewe unayejua. Misuli ya miguu inakaza jioni mpaka naikanda kwa mafuta ya taa. Kichwa kinauma upande wa mbele. Mara mbili nimetapika maji matupu. Jana nilikuwa nahesabu viroba nikasahau nimefika wapi, nikaanza upya, nikasahau tena. Maduhu anasema ni chumvi ninayoikimbia, lakini yeye kila kitu anatibu kwa chumvi.

Je, ndiyo yale ya mtoto kuachishwa ziwa? Maana hii ni wiki ya tatu.

Muulize nesi ukipata nafasi. Nakumbuka ulisema wiki ya nne mwili unanyamaza.

Baba yako,
Luka


Ngokolo
22 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Pole sana.

Nilikwenda kituoni kuuliza habari zako. Nesi Rebeka anasema ndiyo hayo hayo. Mama naye alipata kizunguzungu, kichwa, na unyonge, nawe una mwili mkubwa uliokula chumvi miaka mingi, kwa hiyo unalalamika zaidi. Usikate tamaa wiki ya mwisho. Ukirudia chumvi sasa, utaanza upya yote haya.

Ukihisi kichwa kinauma, kunywa maji. Pumzika kidogo kwenye kiti chako.

Bado wiki moja, Baba. Mwili utanyamaza.

Mwanao,
Asteria


Rwamgasa
6 Aprili 2025

Binti yangu Asteria,

Mimi ni Maduhu. Tulionana siku tulipomleta mzee Luka. Wewe ulikuwa unanawisha watu mikono na mimi ulininawisha. Nilitaka kusema nikashindwa, watu walikuwa wengi na mama yako alikuwa amelala chini. Sikusoma sana, utanisamehe herufi.

Kwenye msiba walisema amefia stoo. Mimi nilinyamaza, lakini hakuna stoo. Baba yako hajawahi kukaa kwenye kiti hapa. Tangu mwaka juzi tulikuwa wawili chini ya duara moja, shimo la dhahabu, yeye nyundo, mimi kirobani. Kule chini huhitaji jua ili utoke jasho. Tunapanda juu nguo zikiwa nzito, zikikauka zinabaki na unga mweupe kama kuta za choo. Kwa hiyo sisi tunatia chumvi na sukari kwenye maji. Hakuna aliyetufundisha, tumewakuta wakubwa wakifanya.

Jumatatu ile alipata barua yako. Jumanne alishuka, akanywa maji mengi. Jumatano nilimwona anapiga nyundo pasipo na mwamba. Nikampa kidumu changu. Akakirudisha. Nikamwambia mzee, binti yako anadhani unakaa kivulini, mwandikie ukweli. Akaniambia, "Nimeshamdanganya la stoo. La chumvi simdanganyi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa. Baadaye alikuwa ananiita Ngusa. Alikakamaa kama mtoto mwenye degedege, tukamfunga kamba, winchi ikamvuta. Zahanati daktari aliuliza alikuwa anakula nini, nikamweleza. Akasema maji yalimzidi na chumvi ilimwishia, ubongo ukavimba. Akauliza nani alimpa ushauri huo mtu wa shimoni. Nikasema sijui.

Mama yako namwogopa kwa sababu ya kile kiapo. Nimekuambia wewe kwa sababu baba yako alisema wewe unaambiwa ya kweli.

Namtuma Bi Zamoyoni na begi la baba yako. Barua zako zilikuwa ndani ya foronya, zimefungwa kwa uzi wa kiroba. Niliisoma ile ya mwisho tu. Unisamehe.

Wako katika majonzi,
Maduhu


Ngokolo
26 Aprili 2025

Baba Maduhu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Begi lilifika. Mama alilifungua mwenyewe, akanusa shati, akakuta barua. Akajua ni mwandiko wangu kwa sababu ya mistari niliyopiga kwa rula. Akakaa kwenye mkeka, akaninyooshea zote, akasema, "Nisomee, ng'wana wane, mwanangu. Nisikie mlikuwa mnaongea nini."

Nilimsomea ya kwanza kama ilivyo. Alikasirika kidogo kwamba nilitoboa siri ya kuanguka kwake, kisha akacheka kidogo pia. Nikamsomea ya magadi. Nikamsomea ya dengu, lakini pa lita tano nikaruka. Halafu nikafika ile ya mwisho, ile uliyoisoma wewe.

Nitakwambia jambo ambalo hukuweza kuliona kwenye barua ile. Niliandika kwamba nilikwenda kwa nesi na nesi akasema. Nilikwenda kweli. Nilikaa kwenye foleni tangu saa mbili. Zamu yangu ilipofika nesi Rebeka alikuwa anamgombeza mama mmoja aliyekuja na maswali ya mtu asiyekuwepo. Alisema, "Mgonjwa aje mwenyewe, mimi sipimi hadithi." Watu wakacheka. Na mimi nilikuwa nimekuja na maswali ya mtu asiyekuwepo. Nikasimama mlangoni, nikageuka, nikaenda nyumbani, nikaandika kwamba nimeuliza. Niliona aibu, Baba Maduhu. Ni hilo tu. Niliona aibu ya kuchekwa na watu kumi nisiowajua. Nikajiambia jibu lingekuwa lile lile.

Kwa hiyo nilipoifungua barua ile mbele ya Mama, mdomo wangu ulisoma maneno mengine. Nilisoma: Baba, acha maji, rudia chumvi leo hii, panda gari uje nyumbani. Niliyasoma vizuri, bila kukwama. Sijawahi kusoma vizuri hivyo hata darasani.

Mama aliichukua barua, akaikunja. Kisha akasema, "Mtoto alimwambia. Mtoto alimwambia, naye akakaidi."

Hajalia tena tangu siku hiyo. Amemkasirikia. Anawaeleza wanaokuja kutoa pole kwamba binti yake msomi aliandika kwa mkono wake, rudi, na mwanaume akaziba masikio. Wanatikisa vichwa, wanasema wanaume ndivyo walivyo. Bi Zamoyoni alinishika bega akasema nisijilaumu, nilifanya sehemu yangu. Juzi Mama alipanga vitu vya arobaini, na picha ya Baba aliigeuza ikatazama ukuta. Hajui habari ya duara wala kiapo. Akijua, atakuwa na sababu mbili za kumkasirikia, na zote mbili nitakuwa nimempa mimi.

Kila usiku naamua kwamba kesho nitamwambia. Asubuhi naiona kadi yake ya kliniki, na nesi alisema hodi haitapigwa tena. Sijui kama namlinda yeye au najilinda mimi. Nimejaribu kujua, nikashindwa.

Wewe utakuja kwenye arobaini. Mama amesema atakuuliza mbele ya wazee kama ni kweli Luka alikuwa mkaidi hata kwa rafiki zake. Sikuombi umfichie, wala sikuombi useme. Nilitaka tu ujue kitu utakachokutana nacho, kwa sababu wewe hukumtendea Baba yangu baya lolote na unaogopa kuja.

Siandiki tena kwenye lile daftari la vikombe. Lakini Mama anafuata kila kitu sasa. Zamani alikuwa ananibishia, anaiba chumvi kwa ncha ya kidole nami najifanya sijaona. Siku hizi haibi. Anasema ameona mwenyewe mwisho wa mtu asiyemsikiliza Asteria. Leo asubuhi alishika kikombe, akanitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu, akaniuliza anywe vingapi.

Nilitoka nje kuimalizia barua hii. Bado amekaa na kikombe, ananisubiri.

Asteria Luka